Kipindi cha Wiki: Kombo Kapitwa na Mwavuli

MWANAIDI: Haya jamani tuko hewani. Leo Kombo kaja na karatasi kabisa, mambo matatu ya kukimbia vilimani kipindi cha mvua, mwandiko wa daktari. Ila kabla hajaanza kusoma, kaka, waambie kilichokukuta Jumanne.

KOMBO: Si tulikubaliana hilo haliingii kwenye kipindi?

MWANAIDI: Ulikubaliana na nani?

KOMBO: Haya bwana. Jumanne mvua ya rasharasha, nikasema leo napiga kilima, kupanda kushuka, kupanda kushuka. Kupanda niko vizuri, situmii saa, nasikiliza pumzi tu, maana kilimani ukifukuzia ile kasi yako ya tambarare utamaliza mafuta hujafika nusu. Sasa nashuka, lami inang'aa, najishikilia, mara nasikia tap tap tap nyuma yangu, napitwa. Na mtu ana mwavuli.

MWANAIDI: Anakimbia na mwavuli?

KOMBO: Anatembea! Kaufungua, mweusi mkubwa ule, viatu vya ofisini, na akanipa pole. "Pole, mzee."

MWANAIDI: (anacheka) Subiri, subiri nipumue. Mkono mwingine alishika nini?

KOMBO: Simu.

MWANAIDI: Basi kipindi kimeisha, asanteni kwa kusikiliza. Maana mimi hapa kila siku nasema, mvua ikinyesha kwenye mteremko, tembea. Huyo baba kathibitisha.

KOMBO: Hajathibitisha kitu. Sikiliza, mteremko ndo unaoumiza watu, sio mlima. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja ndo breki, inakaza huku inavutwa kurefuka, ndo maana hausikii kitu siku hiyo, halafu kesho, keshokutwa, hata kukaa kwenye kiti unashika ukuta. Na dawa yake ni kushuka kidogo kidogo mpaka misuli izoee, mara inayofuata inauma kidogo kweli. Sasa we kila kukinyesha unatembea, siku ya mbio ikinyesha je?

MWANAIDI: Natembea.

KOMBO: Mbio nzima?

MWANAIDI: Miteremko yote. Hiyo misuli nitaizoesha siku ya jua, msuli haujui kama kuna mvua.

KOMBO: Msuli haujui ila mguu unajua! Kushuka kwenye utelezi ni ufundi wake. Hatua fupi fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili, usiutupe mbele, maana ukitanguliza kisigino kwenye lami iliyolowa kinakwenda chenyewe. Na ule woga wa kuegemea nyuma ndo unaangusha watu, uzito unabaki nyuma, miguu inakimbilia mbele, unakaa chini kama mtoto. Huwezi kujifunza hayo siku ya jua.

MWANAIDI: Maelezo mazuri sana. Mtu wa mwavuli aliyajua yote hayo?

KOMBO: Mwanaidi.

MWANAIDI: Nauliza tu.

KOMBO: Sawa, nikupe mfano wa kweli. Marathoni ya Boston, kule Marekani, 2018. Mvua, baridi, upepo wa usoni, na njia ya Boston ina vilima, kile maarufu unakikuta ushapita kilomita thelathini. Wanariadha wakubwa wengi waliacha njiani siku ile. Akashinda Yuki Kawauchi wa Japani kwa saa 2:15:58, kampita Geoffrey Kirui mwishoni mwishoni, na Kirui ndo alikuwa bingwa wa 2017. Na Kawauchi wakati huo hata hakuwa mkimbiaji wa kulipwa, alikuwa mtumishi wa serikali, anafanya mazoezi nje ya muda wa kazi.

MWANAIDI: Kwa hiyo naye mtu wa ofisini.

KOMBO: Usianze.

MWANAIDI: Alikuwa na mwavuli?

KOMBO: (anacheka) We mtu una matatizo. Ninachosema, hakutembea kwenye miteremko!

MWANAIDI: Na mimi sio Kawauchi, na wanaotusikiliza sio Kawauchi, kesho asubuhi wanaenda kazini. Mtu akivunjika mkono anakaa nje wiki ngapi? Kwa faida gani, sekunde kumi? Majani yaliyolowa, ile mistari ya rangi barabarani, mifuniko ya chuma, vyote hivyo ni sabuni, na ukiwa unashuka kwa kasi unaviona ushavikanyaga.

KOMBO: Ndo ujifunze kuviona mapema, kwa kushuka taratibu. Sijasema ushuke kama gari limekatika breki.

MWANAIDI: Taratibu ndo kutembea.

KOMBO: Taratibu sio kutembea!

MWANAIDI: Mi hapo hunitoi.

KOMBO: Na mimi sitoki. Nyie mnaosikiliza chagueni upande, mimi naendelea, la kwanza kwenye karatasi...

MWANAIDI: Zimebaki dakika mbili.

KOMBO: Ah! Hata la kwanza sijasoma!

MWANAIDI: Chagua moja.

KOMBO: Basi viatu. Vya kuzuia maji kwenye mvua kubwa sivitaki, maji yanaingilia juu kwenye kifundo halafu hayatoki, unabeba ndoo mbili. Bora kiatu chepesi kinachovuja. Ukifika nyumbani toa soli ya ndani, jaza magazeti, yakilowa badilisha, na usiviweke karibu na moto, gundi inaachia. Soksi za pamba hapana, zinashika maji, malengelenge hayo. Na mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana, nguo ikilowa...

MWANAIDI: Radi, kaka, sema radi, muda umeisha.

KOMBO: Ukisikia radi uko juu ya kilima, mazoezi yameisha, tafuta jengo uingie, usijikinge chini ya mti. Na kuhusu baridi nilikuwa nimeandika hapa kwamba...

MWANAIDI: Wiki ijayo! Kwaherini.