Mwaka wa Ukimya wa Njaa: Maisha Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Ndugu wasikilizaji,

Nawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliofanyiwa upasuaji miezi michache iliyopita na ambao bado mnajifunza upya namna ya kula, pamoja na wenzi na ndugu zenu mliowasindikiza. Nimefanya kazi ya lishe katika kliniki ya ufuatiliaji kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Nitapona lini?" Kidonda hupona mapema. Siku hizi upasuaji huu kwa kawaida hufanywa kwa matundu madogo, mgonjwa husimamishwa na kutembezwa mapema iwezekanavyo ili damu isigande kwenye mishipa ya miguu, na wengi huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache. Baada ya wiki 4 hadi 6, aliyekatazwa kunyanyua vitu vizito huruhusiwa kuvinyanyua. Lakini anayeuliza swali lile haulizi habari ya kidonda. Anauliza ni lini atakaa mezani kama watu wengine, bila hofu na bila kuhesabu vijiko, na hilo ndilo nililokuja kulizungumzia.

Tuanze na kilichofanyika ndani ya mwili. Katika aina moja ya upasuaji, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na sehemu inayobaki huwa nyembamba na ndefu, mfano wa mkono wa shati. Katika aina ya pili, iitwayo njia ya mchepuko, hutengenezwa kifuko cha takriban mililita 30, sawa na vijiko viwili vikubwa, nacho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivi kwamba chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Aliyefanyiwa ya kwanza na aliyefanyiwa ya pili wana mengi yanayofanana, ila si yote, na ni vyema kila mmoja ajue kwa hakika alifanyiwa ipi.

Katika siku na wiki za mwanzo, jambo la kuhofiwa zaidi ni mshono wa ndani kuvuja. Moyo ukienda mbio ukiwa umetulia, ukipata homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto au pumzi kukukatika, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kupambazuke, wala usione aibu kuwasumbua waliokupasua.

Chakula hurudi kwa hatua: kwanza vimiminika vyepesi, kisha vimiminika vizito, kisha chakula kilichosagwa, kisha kilicho laini, na kwa kawaida hufika mwezi wa pili kabla mtu hajarudia chakula cha kutafuna. Wengi huziona hatua hizi kama adhabu. Binafsi naziona kama muda wa mshono kushikana na wa mtu kuufahamu mfuko wake mpya, kwa sababu mfuko huo hausemi kwa lugha ya zamani.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kliniki wiki ya tano akiwa amekata tamaa. Alikuwa amekula nusu ya yai la kuchemsha akiwa amesimama jikoni, kwa haraka, kama alivyokula maisha yake yote akiwa na watoto na shughuli za nyumba. Kifua kikambana, mate yenye povu yakamjaa kinywani, akatapika, akaamini kwamba upasuaji umeharibika. Tulikaa pamoja na yai jingine, tukaliponda, nikampa kijiko cha chai na kumwomba akiweke mezani kila baada ya kumeza. Baada ya kijiko cha nne alipata kwikwi, na pua ikaanza kuchuruzika. Nikamwambia, "Hapo ndipo umeshiba, mama." Alinitazama kwa mshangao, kwa maana kwake shibe ilikuwa ni tumbo kujaa na mkanda kubana, ilhali sasa ilikuwa imehamia kwenye koo na pua. Wengine huisikia kama uzito chini ya kidari, wengine kama kupiga chafya, na wengine hushusha pumzi ndefu bila kukusudia. Ishara hiyo ni yako peke yako, na kijiko kimoja baada yake ndicho kinachotapisha.

Nataka kukaa kidogo kwenye suala la njaa, kwa kuwa naamini hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Ipo homoni iitwayo grelini, ambayo huamsha hamu ya kula, na sehemu kubwa yake hutengenezwa katika eneo la juu la mfuko wa chakula, eneo lilelile linaloondolewa katika upasuaji wa aina ya kwanza. Baada ya njia ya mchepuko nako, homoni za utumbo zinazoleta shibe huongezeka. Matokeo yake ni kwamba kwa miezi mingi njaa hunyamaza. Mtu aliyepigana nayo tangu utotoni huamka asubuhi na kukuta haipo, na furaha yake ni ya haki kabisa.

Lakini ukimya huo si wa kudumu. Kwa wengi njaa hurejea polepole, mara nyingi baada ya mwaka wa kwanza, na huwakuta katika mazoea waliyojenga wakati imenyamaza. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Sweden kuanzia mwaka 1987, waliofanyiwa njia ya mchepuko walifikia kilele cha kupungua katika mwaka wa kwanza au wa pili, kwa takriban asilimia 32 ya uzito wao, na baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa takriban asilimia 25. Nayataja haya ili atakayeongezeka kilo chache katika mwaka wa tatu asijifiche kwa aibu akidhani ameshindwa. Mwili wa binadamu hufanya hivyo. Nayataja pia kwa sababu mwaka wa ukimya ndio wakati mwepesi kuliko wowote wa kujizoeza kula umeketi, kuanza na protini kabla ya kingine chochote, kufikisha gramu 60 au zaidi za protini kwa siku, na kutokunywa pamoja na chakula wala ndani ya nusu saa baada ya kula. Na viko vyakula visivyojali udogo wa mfuko: vinywaji vitamu, aiskrimu na biskuti huteleza na kupita, navyo humnenepesha mtu ambaye anaapa kwa dhati kwamba hawezi kumaliza hata kipande kidogo cha nyama.

Sukari ina jambo lake jingine, hasa kwa waliofanyiwa njia ya mchepuko. Ikiporomoka kwa kasi kwenye utumbo, ndani ya nusu saa hivi mtu hutoka jasho, moyo humdunda, tumbo humsokota na huharisha. Wapo ambao mambo huwafika baadaye, saa 1 hadi 3 baada ya kula, sukari ya damu inaposhuka na kuwaacha wakitetemeka. Akipatwa na hali hiyo mara kwa mara, amweleze daktari.

Vitamini na madini ni vya maisha yote. Najua neno hilo ni zito kwa mtu anayejisikia mzima kuliko alivyokuwa kwa miaka 20, lakini upungufu hauji na kelele. Mwili una akiba ya vitamini B12 inayoweza kutosha kwa miaka kadhaa, kwa hiyo aliyeacha vidonge leo hataona lolote kesho. Ataona baadaye, ganzi ikiwa imeshaingia miguuni. Madini ya chuma yakipungua huleta uchovu na upungufu wa damu, na wanawake wanaopata hedhi huathirika zaidi. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, kwa sababu kimoja huzuia kingine. Viachanishwe kwa saa 2. Akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, ni ya wiki chache tu. Mtu anayetapika kila siku kwa wiki mbili au tatu, kisha akaanza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba anapotembea au kuchanganyikiwa, ana dharura ya ubongo, na anahitaji sindano ya thiamini mara moja, kabla ya dripu ya sukari. Ninyi wenzi na ndugu ndio mtakaoyaona haya kabla yake.

Nywele hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa kawaida huota tena. Ngozi iliyolegea huenda isirudi yote. Mawe ya nyongo hujitokeza zaidi wakati uzito unaposhuka kwa kasi, hivyo maumivu makali chini ya mbavu za kulia yasipuuzwe. Pombe hufika kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu kuliko zamani, na wako watu ambao hawakuwahi kuwa walevi waliojikuta wameshikwa nayo miaka michache baada ya upasuaji. Nawasihi mlichukulie jambo hili kwa uzito. Wanawake wajue kwamba uwezo wa kushika mimba huweza kurudi ghafla, na kwamba hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 kwanza; vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vya kutosha baada ya njia ya mchepuko, kwa hiyo waulize njia nyingine.

Na nyumbani? Uzito unaposhuka, watu hubadilika namna wanavyokutazama. Wapo wanaokusifu kwa maneno yanayoumiza, kwa sababu yanakufunua walivyokuwa wakikuona mwanzo. Chakula ambacho kilikuwa faraja yako usiku wa huzuni hakiingii tena, lakini huzuni bado inabisha hodi. Mwenye kuhisi giza hilo aseme, na apewe nafasi kwa mshauri kama anavyopewa kipimo cha damu, kwa kuwa msongo wa mawazo baada ya upasuaji huu umeonekana, na wapo waliofikia kujidhuru.

Mwisho ni dawa zenu. Za kisukari na za presha mara nyingi huhitaji kupunguzwa mapema, na za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huleta vidonda kwenye mshono, hasa kwa wenye njia ya mchepuko. Aliyekuja na vidonge vyake anisubiri pale mlangoni. Tutavipitia kimoja kimoja, na atakayehitaji kubadilishiwa nitampa barua ya kumpelekea daktari wake kesho asubuhi.