Aliyeshona Nguo ya Mwanasesere

Asanteni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni, viti vipo.

Nikiuliza nani anamjua Helen Keller, yule Mmarekani maarufu asiyeona wala kusikia, mikono inainuka. Haya, na Laura Bridgman? Kimya. Nilijua. Basi leo ni zamu yake.

Laura alizaliwa mwaka 1829 huko New Hampshire, Marekani. Akiwa na miaka miwili aliugua homa ya vipele vyekundu. Ikaondoka na macho, masikio, hata pua ikawa hainusi sawasawa. Mwaka 1837, akikaribia miaka minane, Dk. Samuel Gridley Howe alimchukua kwenye shule yake ya wasioona, Perkins, mjini Boston.

Binti wa mbele, shika hiki kijiko. Fumba macho, pitisha kidole kwenye mpini. Unagusa nini? Ehe, kikaratasi. Si nukta nundu hizo mnazozijua, maandishi ya wasioona; ni herufi za kawaida zilizoinuliwa, zinazotaja jina la kitu chenyewe. Howe alianza hivyo hivyo: kijiko na kikaratasi chake, ufunguo na chake, kisu na chake. Laura akapapasa, akang'amua kuwa mistari ya kijiko siyo ya ufunguo. Akapewa vikaratasi peke yake, akaweka kila kimoja juu ya kitu chake. Akipatia, anapigwapigwa kichwani taratibu, kumpongeza.

Msipige makofi bado. Howe mwenyewe aliandika kuwa ilikuwa kama kumfundisha mbwa michezo; mtoto anaiga tu. Wiki zikapita. Halafu uso wake ukachangamka: amejua kwamba kwa alama hizi anaweza kumwambia mtu mwingine kilichomo kichwani mwake. Mimi hapa huwa nasoma polepole.

Akaja kujua herufi za vidole, zile unazomwandikia mwenzio kiganjani. Alikaa Perkins karibu maisha yake yote. Miaka ya 1880 akaingia hapo msichana mmoja mkaidi, mwenye macho mabovu, Anne Sullivan. Waliishi nyumba moja, wakizungumza kwa vidole.

Machi 1887 Anne alifika Alabama kumfundisha mtoto wa miaka sita asiyeona wala kusikia: Helen Keller yuleyule. Mzigoni alibeba mwanasesere, zawadi ya watoto wa Perkins. Nguo ya mwanasesere yule aliishona Laura. Na neno la kwanza Anne alilomwandikia Helen kiganjani ndilo hilo: mwanasesere.

Binti, fumbua macho sasa. Kijiko nirudishie, nimekiazima jikoni kwenu.