Ufunguo Anao Nani?

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika chache, naye ananijua nikishashika kipaza sauti.

Nianzie Homa Bay. Mei 1982, kwa msaada wa UNESCO, kilifunguliwa pale kituo kidogo cha redio ya jamii, mtambo wake wa bei nafuu kabisa. Juni Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Agosti mosi askari wa Jeshi la Anga wakaiteka Sauti ya Kenya, redio ya taifa, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio lile lilizimwa siku hiyo hiyo, ila wakubwa walishaona mtambo unaweza nini. Kufikia 1984 Homa Bay ilikuwa imefungwa. Kosa lake, mimi naona, ni kwamba habari ilimfikia mwanakijiji bila kupitia Nairobi.

Leo tuna Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010, kinacholinda uhuru wa vyombo vya habari. Redio ya jamii ya Koch FM ipo mtaa wa Korogocho, Nairobi, tangu 2006, ilianzia ndani ya kontena. Pamoja FM iko Kibera, masafa yale yale ya 99.9, nguvu ni ndogo, kila jogoo anawika jaani kwake.

Sasa, kuna studio moja ya Pwani, siitaji, niliyokaa asubuhi nzima. Trei za mayai zimegongomewa ukutani, feni imezimwa isisikike hewani, jasho linatutiririka. Mgeni ni mwakilishi wadi. Simu ikaingia, mama muuza samaki.

"Mheshimiwa, lile friji la soko ulilolizindua, ufunguo anao nani?"

Mheshimiwa akanywa maji. "Mama, tunalishughulikia."

"Samaki hangoji kushughulikiwa, baba. Anaoza."

Hakuna aliyekamatwa. Ila tangazo la chanjo la kaunti, ambalo ndilo lililokuwa likilipa stima, mwezi uliofuata halikuja. Hakuna barua, hakuna simu. Na leseni ya redio ya jamii ni ya kutotafuta faida, kwa hiyo akiba hakuna. Tena msidhani ni vijimambo vya kaunti tu: Machi 2024 serikali kuu yenyewe iliagiza matangazo yake ya redio na runinga yapelekwe KBC, shirika lake la utangazaji, peke yake. Hilo nalo mtaliita udhibiti, au mtaliita bajeti?

Juzi nimempigia meneja wa ile studio kumuulizia friji. Limefunguliwa, akasema, ufunguo ulipatikana siku ya tatu.

Alikuwa akiongea kwa haraka. Simu yake ilikuwa haina chaji, na stima walikuwa hawajarudishiwa.