Mkono wa Upinde Kwanza: Mhadhara kwa Walimu wa Muziki, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu, na walimu wenzangu, habari za mchana. Poleni na foleni.

Nimeombwa nizungumzie kufundisha fidla, ambayo vijana wetu wanaiita vayolini, pamoja na ndugu zake: viola, selo na ile besi kubwa ya kusimama. Nina jambo moja na nitaling'ang'ania: tufundishe mkono wa kulia, ule unaoshika upinde, kwanza. Vidole vya kushoto vitangoja.

Najua kwa nini wengi tunaanza kinyume. Mzazi amelipa ada, mwezi ukiisha anataka kusikia wimbo. Basi mwalimu anabandika selotepu kwenye ubao wa vidole, anamwonyesha mtoto pa kukanyaga, na wimbo unatoka ukikwaruza mwanzo mpaka mwisho. Mzazi anapiga makofi! Mkwaruzo ule ukishazoeleka, kuuondoa ni kazi kweli kweli.

Tazameni kinachotokea. Upinde una singa za mkia wa farasi zilizopakwa rozini, yaani utomvu mkavu wa msonobari. Bila rozini hautoi sauti, na wapo wazazi wanaotaka kurudisha upinde mpya dukani wakidhani wameuziwa mbovu. Singa zikishapakwa huunasa uzi na kuuvuta. Uzi ukizidiwa unaponyoka, halafu unanaswa tena. Kwenye uzi wa sauti ya La, hayo hutokea mara 440 kwa sekunde moja. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz aliuchunguza mwendo huo katika karne ya 19.

Kwa hiyo mkono wa kulia una mambo matatu ya kupima: kasi ya upinde, uzito wake juu ya uzi, na umbali kutoka kwenye daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Ukikandamiza huku upinde unakwenda polepole, uzi unashindwa kuponyoka kwa wakati wake, ndipo unapokwaruza. Ukipitisha haraka bila uzito, unapata sauti nyembamba yenye upepo. Karibu na daraja pataka uzito zaidi na mwendo mdogo; karibu na ubao wa vidole ni kinyume chake.

Mtoto hana haja ya kuelezwa haya. Ayapige, kwenye nyuzi tupu, bila vidole vya kushoto. Na kabla ya upinde mpe penseli, aishike kama upinde. Kidole gumba kikunjwe kidogo. Kidole cha mwisho kikae juu ya penseli kikiwa kimepinda, maana kikinyooka na kukakamaa, kifundo cha mkono nacho kinakakamaa, kisha bega linapanda. Mimi huangalia bega kabla sijasikiliza sauti. Mkono uulalie upinde kama unavyolala juu ya bega la rafiki, usiusukumize.

Mtaniuliza, hawatachoka na nyuzi tupu? Watachoka sana, ukiwapa mipigo mirefu peke yake. Mimi naazima miito ya makonda wa daladala. “Posta” ni mipigo miwili mirefu. “Mbagala” ni mitatu. “Mwananyamala” ni mitano ya harakaharaka, na hapo ndipo wanapocheka na kugombania zamu. Darasa zima linaita kwa mdomo, kisha kwa makofi, kisha kwa upinde. Shinichi Suzuki wa Japani (1898–1998), ambaye mbinu yake ya kufundisha fidla imeenea duniani, naye aliwaanzishia watoto midundo mifupi kwenye uzi mmoja. Yeye alitaka pia mzazi ajifunze kwanza. Hapo kwa Dar tusidanganyane: mzazi anafika nyumbani usiku, amechoka. Dada au kaka mkubwa anatosha.

Na fidla chache si kisingizio. Fidla moja kwa watoto watatu: mmoja anapiga, wa pili anamtazama bega, wa tatu anaimba.

Kuimba ndiko nisikokubali kukuruka, kwa sababu hapa tuna utajiri tusioutumia. Mtoto wa kwaya anasoma tonikisolfa, zile nota za do, re, mi, tangu mdogo. Mtoto wa madrasa amekulia kwenye kasida na adhana. Adhana ikisomwa kwa maqamu ya rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, sauti ya tatu inaangukia katikati ya mi na mi iliyoshushwa. Piano ya kawaida haina sauti hiyo. Fidla inayo, kwa kuwa shingo yake haikugawanywa kwa vyuma kama ya gitaa. Sasa mtoto anayeisikia sauti hiyo vizuri, wewe unambandikia selotepu imwambie amekosea? Ukiona lazima uibandike, panga kabisa siku ya kuibandua. Wala tusiseme upinde ni kitu cha kigeni: Wagogo kule Dodoma wanapiga zeze, chombo chao cha nyuzi, kwa upinde, na marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose alilifikisha mbali.

Kuhusu kutunza, kwa ufupi. Unyevu wa pwani hurefusha singa, kwa hiyo mtoto asipokaza kidogo hapigi kitu, akimaliza alegeze. Nyuzi zifutwe jasho, zinashika kutu upesi. Fidla isiachwe kwenye gari juani, gundi yake haistahimili joto.

Mezani kuna fidla na penseli. Nawaomba mbele wale ambao hawajawahi kushika upinde kabisa. Wenye uzoefu kaeni nyuma yao, mtazame mabega. Tutaanza na “Posta”.