Kutu Kando ya Mshono: Stenlesi ya Asteniti Mikononi mwa Mchomeleaji

Mabibi na mabwana, tangi jipya la stenlesi likianza kutu, huanzia milimita chache kando ya mshono. Mwenye tangi hulalamika kwamba ameuziwa bandia. Mara nyingi chuma ni halali. Kilichoharibu ni moto.

Stenlesi ya asteniti ni ile ambayo kwa kawaida haivutwi na sumaku, nayo huuzwa kwa gredi. Gredi 304 ina kromi takriban asilimia 18 na nikeli 8. Gredi 316 huongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, ndiyo maana huvumilia zaidi hewa ya chumvi. Kinga yenyewe ni utando mwembamba mno wa oksidi ya kromi. Ukikwaruzwa hujirudisha, mradi oksijeni ipo.

Sasa tuuangalie huo moto. Chuma hiki kikikaa kati ya nyuzi 425 na 850 za Selsiasi, kaboni huinyakua kromi na kuunda kabidi kwenye mipaka ya chembe za chuma. Pembeni mwa mipaka hiyo kromi hupungua, utando hukosa nguvu, na kutu hupenya humo humo. Kwa hiyo bamba nene linalopigwa pasi nyingi, yaani tabaka za mshono juu ya nyingine, liwe la gredi L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03. Bamba jembamba hupoa upesi, halina shida sana.

Rodi ni 308L kwa 304L, 316L kwa 316L, na 309L ukiunganisha stenlesi na chuma cha kawaida. Subiri kazi ipoe chini ya nyuzi 150 kabla ya pasi inayofuata. Stenlesi hutanuka karibu nusu zaidi ya chuma cha kawaida na hupitisha joto theluthi yake tu, basi pinda lazima liwepo: shikiza kwa pointi nyingi zilizokaribiana. Ndani ya bomba jaza argoni, la sivyo upande wa chini wa mshono huungua ukawa mweusi wenye chembechembe. Rangi ya bluu au kahawia inayobaki iondolewe kwa asidi maalumu, glavu zikiwa mkononi. Na diski iliyosaga chuma cha kawaida isiguse stenlesi kabisa. Huacha vumbi la chuma, nalo hushika kutu.

Kipimo cha sumaku kinachopendwa madukani, kwamba isiyovutwa ndiyo halali, hakitoshi. Gredi 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na kuwekwa manganizi, haivutwi pia, ilhali 304 halali ikikunjwa baridi huvutwa kidogo. Dai cheti cha kiwanda.

Kwa maji yenye kloridi yanayopita nyuzi 60, hata 316 hupasuka palipo na mkazo. Hapo agiza dupleksi 2205, stenlesi ya muundo mchanganyiko.