Tuwaache Hao Hapo: Mhadhara Kuhusu Juzuu ya Kati ya Tolkien

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu na wanafunzi wa fasihi, nashukuru kwa kunikaribisha. Nimewasikia wasomaji wengi wakisema kwamba katika trilojia ya fantasia juzuu ya kwanza huvutia kwa ugeni wa ulimwengu wake na ya tatu kwa hitimisho lake, ilhali ile ya kati ni ya kuvumilia tu, kama safari ya usiku ambayo abiria huisinzia hadi kituo cha mwisho. Nimekuja kuipinga rai hiyo, na shahidi wangu ni mmoja: The Two Towers, yaani Minara Miwili, ya J. R. R. Tolkien, iliyotoka London tarehe 11 Novemba 1954.

Tolkien mwenyewe hakukusudia trilojia. Aliandika riwaya moja ndefu yenye vitabu sita, na mchapishaji akaigawa katika juzuu tatu kwa kuwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia karatasi ilikuwa adimu na gharama za uchapaji zilitisha. Juzuu ya kati ikabeba kitabu cha tatu na cha nne, ambavyo havikuwa na jina la pamoja. Mwandishi alisumbuka kulitafuta, na hata alipolipata, katika barua zake alisitasita kuhusu ni minara ipi hasa inayotajwa. Dokezo lililochapwa mwishoni mwa juzuu ya kwanza ndilo lililotaja Orthanc, ngome ya mchawi Saruman, na Minas Morgul, ngome inayolinda njia ya siri ya kuingilia Mordor, nchi ya Adui, Sauron. Jina, basi, lilikuja baadaye. Umbo la hadithi, hata hivyo, lilikuwepo tangu mwanzo, nalo ndilo ninalotaka tulitazame.

Wasimulizi wetu wana kauli inayojulikana na kila aliyekulia penye hadithi: "Tuwaache hao hapo, tumrudie fulani." Kwa kawaida tukiwaacha, tunawaacha kwa muda mfupi, kisha tunarudi. Tolkien anawaacha Frodo na mtumishi wake Sam, wanaoipeleka Pete ya Adui Mordor ili iangamizwe, kwa sura kumi na moja nzima. Katika kitabu cha tatu tunafuatana na Aragorn na wenzake, waliotengana na Frodo, tunawaona wapanda farasi wa ufalme wa Rohan, tunakesha vitani katika ngome ya Helm's Deep, na muda wote huo hatuoneshwi hata nyayo za yule aliyebeba Pete. Wahusika hawajui kama yu hai, nasi hatujui zaidi yao. Kisha kitabu cha nne kinafunguka, na kwa sura kumi hatumwoni yeyote ila Frodo, Sam, kiongozi wao Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki Pete na bado anaitamani, na wale wanaokutana nao njiani.

Filamu ya mwaka 2002 ilizisuka safari hizo pamoja, ikiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ikamhamishia buibui Shelob kwenye filamu ya tatu. Ni uamuzi unaoeleweka kwa sinema, lakini umeipotezea hadithi kitu kikubwa. Katika riwaya, tunapomfikia Frodo huko Ithilien, mpakani mwa Mordor, akimweleza nahodha Faramir jinsi mchawi Gandalf, aliyewaongoza mwanzoni, alivyoangamia, sisi kwa sura nyingi za kitabu tumekwisha kukaa na Gandalf aliyerudi akiwa hai. Tumemwona akimponya mfalme wa Rohan na kuivunja fimbo ya Saruman. Frodo anaomboleza, nasi hatuwezi kumfikishia habari. Uchungu wa aina hiyo hauwezi kupatikana katika juzuu ya kwanza, ambako bado wako pamoja, wala katika ya tatu, ambako watu wanakutana tena. Ni mali ya katikati.

Inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya kitabu cha nne iliandikwa mwaka 1944, sura baada ya sura, na Tolkien akawa anamtumia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini katika mafunzo ya Jeshi la Anga la Uingereza. Baba aliyezaliwa Bloemfontein na sasa anaishi Oxford anamwandikia mwana aliye mbali, wakati wa vita, juu ya watu wasiojua habari za wenzao. Siamini kwamba jambo hilo halikuingia katika maandishi.

Naomba tusimame kidogo Ithilien hiyohiyo. Sam amepika sungura wawili walioletwa na Gollum, akasahau kuuzima moto vizuri, na moshi ukawaita askari wa Faramir. Mara yanatokea mapigano, na mpiganaji wa Harad anaanguka karibu na Sam, mshale shingoni, mavazi yake mekundu yameraruka, nywele zake nyeusi zimesukwa kwa dhahabu, mkono wake wa kahawia bado umeshika mpini wa upanga uliovunjika. Wapiganaji hao wa kusini wamewekwa upande wa Adui, na msomaji wa Afrika ana haki ya kukunja uso anapowafikia. Lakini Sam anajiuliza mtu huyu alikuwa nani, alitoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mwovu, na ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao. Mwandishi huyu alikuwa ofisa wa mawasiliano katika vita vya Somme mwaka 1916; maswali ya Sam yana uzito wa mtu aliyewahi kuwa karibu na maiti wa vita.

Kisha zinakuja ngazi za Cirith Ungol, njia ya mlimani ya kuingilia Mordor. Frodo na Sam wamekaa gizani wakizungumza juu ya hadithi za kale, na Sam anatambua kwamba watu wa hadithi zile hawakujua mwisho wao walipokuwa ndani yake. Frodo anamjibu kwamba wao wenyewe bado wamekwama mahali pabaya kuliko pote, na kwamba huenda siku moja mtoto akamwambia baba yake akifunge kitabu papo hapo. Hapo wahusika wenyewe wanajua kwamba wako katikati ya hadithi. Baadaye Gollum anawakuta wamelala, anaunyosha mkono wake unaotetemeka na kuligusa goti la Frodo kama mzee aliyechoka. Sam anashtuka usingizini, anamkemea kwa neno kali, na nafasi ile ya toba inapita. Tolkien aliungama baruani kwamba jambo hilo lilimhuzunisha mno.

Juzuu inaishia Sam akiwa nje ya lango la shaba lililofungwa. Amesikia kutoka vinywani mwa Orki, askari wa Adui, kwamba bwana wake, aliyemdhania maiti baada ya kuumwa na Shelob, yu hai na ametekwa. Anajitupa langoni kwa nguvu zote na kuanguka chini, hana fahamu. Wasomaji wa 1954 walifunga kitabu hapo, na juzuu ya tatu haikuwafikia hadi tarehe 20 Oktoba 1955.