"Keen": Kilio chenye Maneno

REHEMA: Karibu tena msikilizaji. Kaka Salim, juzi usiku wa manane umenitumia ujumbe wa neno moja tu la Kiingereza: "keen". Nikadhani una hamu ya kitu.

SALIM: Ndivyo nilivyolijua na mimi, dada. Mtu mwenye shauku, au kisu kikali. Sasa natafsiri hadithi, nafika mahali mjane amekaa kando ya maiti, mwandishi analitumia kama kitenzi. Shauku gani hiyo msibani?

REHEMA: Kumbe ni maneno mawili.

SALIM: Mawili, yamegongana sauti tu. La shauku ni la Kiingereza cha kale. La msibani limetoka Ayalandi, kwenye "caoin", yaani kulia, kuomboleza. Kwenye maandishi ya Kiingereza limeshika katika karne ya 19.

REHEMA: Kiingereza kina maneno ya kulia tele. Waliazima la nini?

SALIM: Naona ni kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la Waayalandi. Walikuwa na "bean chaointe", mwanamke wa kulia. Anaitwa msibani, anapewa chakula, tumbaku, pombe, pengine na fedha. Anamwita marehemu kwa jina, anataja ukoo wake, anamsifu, kisha wenzake wanapokea kwa kilio kisicho na maneno.

REHEMA: Manju wa msiba huyo!

SALIM: Kabisa. Sasa msikilize Eibhlín Dubh Ní Chonaill, mjane wa Kiayalandi, katika shairi la kumlilia mumewe. Mume huyo, Art Ó Laoghaire, alikuwa Mkatoliki, na sheria ya wakati ule ilimnyima Mkatoliki haki ya kuwa na farasi wa zaidi ya pauni 5. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja alimtaka farasi wake kwa bei hiyo, akakataa. Mei 1773 akapigwa risasi huko Cork. Katika shairi, mke anamwona farasi karudi peke yake, damu mpaka kwenye tandiko. Anampanda, anamkuta mume amelala kando ya kichaka. Damu yake haifuti. Anaikinga kwa viganja, anainywa.

REHEMA: Ya Rabi.

SALIM: Shairi hilo lilikaa midomoni mwa wanawake wa kulia kabla halijaandikwa. Na Kanisa lilikuwa likiwapiga marufuku tangu karne ya 17!

REHEMA: Sasa kwenye tafsiri yako umeweka nini? Usiniambie "aliomboleza". Hilo siku hizi ni la taarifa ya habari, bendera nusu mlingoti.

SALIM: Ndiyo shida. "Kulia", hata mtoto analia. "Kupiga ukunga" kuna sauti, maneno hamna.

REHEMA: Bibi yangu angesema "analia kwa maneno". Tulipofiwa na babu, shangazi alilia hivyo: "Baba, nani atanifungulia mlango nikija usiku?" Wazee wakanyamaza wamsikilize. Tuna jina lake, kaka: mbolezi.

SALIM: Nililifikiria. Ila Kiingereza cha leo kimebakiza sauti zaidi kuliko maneno, hata upepo huambiwa una-"keen".

REHEMA: Na huyo mjane wako, mwandishi kampa maneno?

SALIM: Hata moja. Sauti tu.

REHEMA: Basi mrudishie. Nisomee sentensi.

SALIM: "Mjane akasogea mpaka kichwani pa maiti, akamwita kwa jina lake, akaanza mbolezi."

REHEMA: Iache hivyohivyo.